Neno Moja Nyuma ya Kadi: Kadi ya Posta ya Zamani kama Chanzo cha Historia ya Familia kati ya Mombasa na Kampala

Ikisiri

Kadi za posta za mwanzoni mwa karne ya ishirini zimetumiwa zaidi na wakusanyaji wa picha kuliko wanahistoria wa familia. Makala hii inachunguza kadi moja iliyotumwa kutoka Mombasa kwenda Kampala na kuhifadhiwa na familia ya mwandishi, ili kuonyesha namna sehemu zake mbalimbali, yaani picha, stempu, anwani, hati na msamiati, zinavyoweza kuhojiwa kama ushahidi. Makala inadai kwamba picha, ambayo ndiyo familia huithamini zaidi, ina ushahidi mdogo kuhusu familia yenyewe, ilhali neno moja la salamu lililoandikwa nyuma, yaani *mjoli*, linabadilisha simulizi ya asili iliyorithishwa kwa vizazi vitatu. Uchambuzi unaegemea isimu ya Kiswahili, historia ya makazi ya watumwa waliokombolewa ya Freretown, na simulizi za wazee. Kwa ridhaa ya familia, majina ya wahusika hayatajwi.

1.0 Utangulizi

Familia nyingi za Afrika Mashariki hazina maandishi ya kale kuhusu asili yao. Zilicho nacho ni simulizi, majina yanayorithiwa, makaburi na, mara chache, kipande cha karatasi kilichonusurika mchwa na mvua. Vansina (1985) ametukumbusha kwamba simulizi si hadithi ya kupuuzwa wala si ukweli wa kumezwa mzima. Ni ushahidi unaopaswa kuulizwa umetoka kwa nani, umepitia kwa nani na umehifadhiwa kwa manufaa ya nani. Maswali hayo hayo yanapaswa kuulizwa pale karatasi inapopatikana. Maandishi nayo yana mwenyewe, yana msomaji aliyekusudiwa, na yana mambo yaliyoachwa nje kwa makusudi.

Kadi inayochunguzwa hapa imehifadhiwa katika familia ya mama yangu. Mpokeaji wake alikuwa baba wa bibi mzaa mama, nami ni kitukuu wake. Simulizi ya familia inasema kwamba babu huyo alitoka katika ukoo wa zamani wa Mji wa Kale wa Mombasa, akaenda Uganda kwa biashara ya pembe za ndovu, akaoa huko, kisha wajukuu wake baadhi wakarudi pwani. Leo familia ina matawi mawili: moja la Kiislamu lililopo Mombasa, na jingine la Kikristo lililopo Kampala. Kadi imekuwa ikionyeshwa kwa wageni na wachumba kama hati ya uungwana: tazameni, tulitoka Mombasa.

Makala inajibu maswali matatu. Kwanza, kadi hii inaweza kuthibitisha nini na haiwezi kuthibitisha nini? Pili, lugha iliyoandikwa nyuma yake inatoa ushahidi gani ambao picha haitoi? Tatu, mtafiti afanye nini ushahidi huo unapogongana na heshima ambayo familia imejijengea? Data zimetokana na kadi yenyewe pamoja na mahojiano na wazee wa matawi yote mawili.

2.0 Kadi ya Posta kama Chanzo cha Historia

2.1 Chimbuko na Umbo Lake

Kadi ya posta ya kwanza inayotambuliwa rasmi ilitolewa Austria tarehe 1 Oktoba 1869. Mkataba wa Berne wa mwaka 1874, uliounda umoja wa posta wa kimataifa, uliweka msingi wa kusafirisha barua baina ya nchi kwa kanuni za pamoja, na kadi ikawa njia rahisi ya mawasiliano kwa watu wa kipato cha kawaida. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya barua kwa sababu haikuwa na bahasha na nafasi yake ya kuandikia ilikuwa finyu.

Umbo la kadi lilibadilika kwa hatua, na mabadiliko hayo ni msaada mkubwa kwa mtafiti. Mwanzoni upande mmoja wote ulitengwa kwa anwani tu, hivyo mwandishi alilazimika kubana maneno yake pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu upande wa anwani ugawanywe sehemu mbili, moja ya ujumbe na moja ya anwani, mwaka 1902. Ujerumani ikafuata mwaka 1905 na Marekani mwaka 1907. Kadi yetu ina mstari wa kugawa upande wa nyuma. Kwa hiyo, hata kabla ya kusoma neno lolote, tunajua kwamba haikuchapishwa katika karne ya kumi na tisa, enzi ambayo simulizi ya familia inaiwekea safari ya babu.

2.2 Stempu, Sarafu na Muhuri

Muhuri wa posta wa kadi hii unaonyesha jina la Mombasa pamoja na siku na mwezi, lakini mwaka umefutika. Stempu ndiyo inayoziba pengo. Ina sura ya Mfalme Edward VII na jina la Himaya za Afrika Mashariki na Uganda, na thamani yake imeandikwa kwa senti. Stempu za mfalme huyo zilizotolewa kuanzia mwaka 1903 zilikuwa na thamani za anna na rupia. Zile za senti zilianza mwaka 1907, rupia ilipogawanywa kuwa senti mia moja. Stempu za mrithi wake, George V, zilianza kutolewa mwaka 1912. Kwa kuwa akiba ya stempu za zamani haikuishia siku mpya zilipotoka, tunaweza kusema kwa uangalifu kwamba kadi ilitumwa kati ya mwaka 1907 na 1912, au muda mfupi baadaye.

Njia hii ya kukadiria tarehe ina manufaa kwa watafiti wa nchi jirani pia. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, stempu za awali zilikuwa na thamani za pesa, na tangu mwaka 1905 zikawa za heller. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1917, Waingereza walitumia katika eneo hilo stempu za Himaya za Afrika Mashariki na Uganda zilizogongwa herufi G.E.A. Shilingi ilipochukua nafasi ya rupia na florini mwanzoni mwa miaka ya 1920, stempu nazo zilibadilika. Aliye na kadi isiyo na tarehe katika sanduku la bibi yake, awe Tabora, Bujumbura au Kisumu, anaweza kuanzia hapo.

3.0 Upande wa Picha: Kishawishi cha Kumtafuta Babu

Upande wa mbele una picha ya mtaa wa Mombasa. Kuna nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao, reli nyembamba inayopita katikati ya njia, na toroli lenye paa la turubai linalosukumwa na wanaume wawili waliovaa kanzu fupi. Anayetazama kwa makini ataona mwanamume wa tatu aliyesimama kando akiwa na kofia na fimbo. Chini ya picha pamechapishwa maelezo mafupi ya Kiingereza yanayotaja mji na mtaa tu.

Katika familia yetu, mtu huyo wa tatu ndiye babu. Watoto wameonyeshwa kidole juu yake kwa muda mrefu kiasi kwamba mjomba wangu mmoja anaamini kuwa amerithi kimo chake. Dai hili halina msingi wa kutosha, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni namna kadi hizi zilivyotengenezwa. Picha nyingi za pwani zilipigwa na wenye studio, wengi wao wakiwa na asili ya Goa, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho waliofanya kazi Unguja. Mombasa palikuwa pia na William D. Young, anayejulikana kwa picha zake za ujenzi wa Reli ya Uganda. Picha ilipigwa kwa ajili ya soko, ikapelekwa kuchapishwa, mara nyingi Ulaya, kisha ikauzwa kwa abiria wa meli, maofisa na wakazi. Mtumaji aliinunua ikiwa tayari. Hakuna uhusiano wa lazima kati ya aliyepigwa picha na anayeandikiwa.

Sababu ya pili ni umri wa picha. Bamba moja la picha liliweza kuchapishwa tena na tena kwa miaka mingi. Tarehe ya stempu inatueleza siku ambayo kadi ilitumwa. Haituelezi siku ambayo picha ilipigwa.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi. Maelezo yaliyochapishwa chini ya kadi za aina hii yaliwafanya watu kuwa sehemu ya mandhari. Jengo lilitajwa kwa jina, mtaa ulitajwa kwa jina, lakini wasukuma toroli, wachota maji na wanawake wa buibui walitajwa kwa kabila, kwa kazi, au hawakutajwa kabisa. Hamu ya familia kumpa jina mtu asiye na jina inaeleweka, na kwa namna fulani ni kitendo cha haki. Hata hivyo, kumpa jina letu mtu ambaye huenda alikuwa babu wa wengine ni kumnyang'anya mara ya pili.

Kwa hiyo picha inatupatia mazingira: mji ulivyoonekana, usafiri wa mitaani ulivyokuwa, nani alisukuma na nani alipanda. Haitupatii babu.

4.0 Upande wa Maandishi

4.1 Anwani

Kadi imeelekezwa kwa mpokeaji kupitia misheni ya Church Missionary Society (CMS) iliyopo Namirembe, kilima kilichokuwa makao makuu ya misheni hiyo mjini Kampala. Jina la mpokeaji lina sehemu mbili: jina la ubatizo la Kibiblia, na jina la pili ambalo si la Kiarabu, si la Kiingereza, wala si la Kiganda.

Tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 na meli za mvuke kuvuka Ziwa Viktoria, kadi iliweza kusafiri kwa siku chache umbali ambao misafara ya miguu iliukata kwa miezi. Jambo la kuzingatia ni kwamba babu hakuandikiwa katika duka, wala kwa tajiri wa Kihindi, wala katika kambi ya msafara. Aliandikiwa misheni. Anwani peke yake haithibitishi kwamba alikuwa mtumishi wa misheni, kwa sababu misheni iliweza kupokea barua za watu wengi. Inatosha, hata hivyo, kuitikisa simulizi ya mfanyabiashara wa pembe za ndovu.

4.2 Hati na Lahaja

Ujumbe una mistari kumi na moja ya Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kirumi. Katika Mombasa ya wakati huo, jamaa za zamani za Mji wa Kale zilikuwa na utamaduni mkongwe wa kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu: barua, mashairi, mikataba na hesabu. Hati ya Kirumi ilifundishwa zaidi katika shule za misheni na ilitumika katika ofisi za serikali. Mtu aliyemwandikia nduguye kwa hati ya Kirumi, kwa mkono uliozoea, huenda alipitia mojawapo ya milango hiyo.

Lahaja inaunga mkono dhana hiyo. Mwandishi anatumia *mtele* badala ya *mchele* anapolalamikia bei ya chakula, na *mato* badala ya *macho* anapotoa habari za mgonjwa. Hizi ni sifa za Kimvita. Lakini katika mistari hiyo hiyo anaandika *njia*, si *ndia*, na *kuja*, si *kuya*, kama ilivyo katika Kiunguja. Mchanganyiko huu hauonyeshi uzembe. Vitabu vya mwanzo vya misheni vilitegemea lahaja mbalimbali: Krapf alifanya kazi Mombasa na Rabai, na kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, Steere, aliyechapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, alijikita katika Kiunguja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, ulikuwa bado mbele. Mwandishi wetu alisikia Kimvita mtaani na kusoma Kiunguja kitabuni, na kalamu yake ilibeba vyote viwili.

Kuna pia *habali* na *balua* kwa *habari* na *barua*. Inavutia kuona hapa athari ya lugha mama ya bara, kama vile Kiyao. Ushahidi huo lakini ni dhaifu. Mabadilishano ya *l* na *r* yanapatikana kwa wazungumzaji wa lugha nyingi za Kibantu, na tahajia ya mtu mmoja katika kadi moja haitoshi kumtajia kabila. Nayaorodhesha kama jambo linalokubaliana na hoja, si kama nguzo yake.

4.3 Ndugu, Somo na Mjoli

Msamiati wa ujamaa ndio kiini cha kadi. Mtumaji anamwita mpokeaji *ndugu yangu*. Anamtumia salamu mtoto wa mpokeaji akimwita *somo*, yaani mwenye jina kama lake. Kisha anaomba salamu zimfikie mtu wa tatu aliyekuwa Kampala, ambaye anamtaja kwa jina na kumwita *mjoli wetu*.

*Ndugu* hakithibitishi damu. Kiswahili kinamwita ndugu mtoto wa mama mmoja, binamu, mtu wa kijiji kimoja, muumini mwenza na hata mgeni anayesaidiwa njiani. *Somo* ni jina la uhusiano unaojengwa kwa jina. Linaonyesha kwamba mtoto wa mpokeaji alipewa jina la mtumaji, na hilo ni tendo la heshima kubwa, lakini nalo halihitaji damu.

*Mjoli* ni neno la namna nyingine. Maana yake ya kamusi ni mtumwa au mtumishi mwenza, mtu aliye chini ya bwana mmoja na wewe. Wengi wa wanafamilia wa sasa hawakulijua. Walilisoma kama jina la ukoo. Wazee wawili walilijua. Mmoja wao, bibi wa tawi la Mombasa, alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba neno hilo halitamkwi mbele ya wakwe.

Upo usomaji mwingine unaopaswa kupewa haki yake. Katika lugha ya Kikristo, *mjoli* hutumika kwa maana ya mtumishi mwenza wa Mungu. Tafsiri ya Biblia ya Kiswahili inayojulikana kama Union Version, ya mwaka 1952, imelitumia neno hilo. Mjomba wa tawi la Kampala aliushikilia usomaji huu: kwamba wote watatu walikuwa watenda kazi wa kanisa, basi. Tafsiri hiyo ni ya baadaye, hivyo haiwezi peke yake kuthibitisha matumizi ya mwanzoni mwa karne. Hata hivyo, maana ya kiroho haiwezi kukataliwa pia, kwa kuwa kadi ilikwenda misheni. Ikumbukwe tu kwamba maana ya kiroho ilijengwa juu ya ile ya utumwa. Aliyelitumia neno hilo Mombasa kabla ya mwaka 1912 aliishi katika mji ambao hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1907 tu. Kwake, *mjoli* haikuwa istiari ya mbali.

Linabaki swali la *wetu*. Kiswahili hakitofautishi kwa umbo kati ya "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" isiyomjumuisha. *Mjoli wetu* inaweza kuwa mjoli wangu na wako, au mjoli wangu mimi na wenzangu wa Mombasa. Sarufi haiwezi kuamua. Kilichoamua ni majina ya familia. Jina la mtu huyo wa tatu, ambalo si la kawaida pwani wala Uganda, limerithiwa katika familia yetu kwa vizazi vitatu. Kila kizazi kina mwanamume mmoja aliyepewa jina hilo, na hakuna mzee aliyeweza kusema limetoka kwa nani. Ilisemwa tu kwamba ni "jina la kwetu". Kwa desturi, mtoto hupewa jina la babu, la mjomba au la mtu ambaye familia inamhesabu kuwa wake. Ikiwa mpokeaji aliliingiza jina la mjoli huyo katika ukoo, basi *wetu* ilimjumuisha.

5.0 Freretown na Ujamaa wa Waliokombolewa

Mahali panapoweza kueleza kwa pamoja hati ya Kirumi, Kimvita kilichochanganyika, jina la ubatizo, uhusiano na Namirembe na neno *mjoli* ni Freretown. Makazi haya yalianzishwa na CMS kati ya miaka 1874 na 1875 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, chini ya usimamizi wa William Salter Price, na yakapewa jina la Sir Bartle Frere. Ujumbe wa Frere ndio uliotangulia mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao kwao Sultani Barghash alikubali kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja. Watu waliokamatwa na manowari za Waingereza kutoka katika majahazi ya watumwa walipelekwa huko. Pamoja nao walikuwepo Waafrika waliolelewa katika misheni ya Nasik nchini India, ambao baadhi yao, kama William Jones, walikuwa waalimu na viongozi wa kanisa. Mahali hapo bado panaitwa Kengeleni, kutokana na kengele ya misheni.

Si wote waliohusishwa na misheni waliotoka majahazini. Wengine walikuwa watoro waliokimbilia Rabai na vituo vingine kutoka mashambani. Mwaka 1889 George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa alilipa fidia kwa mabwana wa watoro zaidi ya 1,400 ili wapate hati za uhuru. Watu hawa walitoka katika makabila mengi, wakiwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na Wazigua, na wengi walitekwa wakiwa watoto. Hawakuwa na mjomba wa kuwapa mahari wala shangazi wa kuwafunda. Ujamaa waliouhitaji waliujenga kwa walichokuwa nacho: waliokuwa pamoja katika jahazi moja, waliokaa kwa bwana mmoja, waliosoma darasa moja.

Njia ya kutoka Freretown kwenda Uganda ilikuwa ya zamani kuliko reli. Mwaka 1885 William Jones alikuwamo katika msafara wa Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga, naye ndiye aliyewarudisha pwani waliobaki. Baadaye wasomi wa Freretown walihitajika kama waalimu, makarani na wakalimani. Mtu wa Freretown kuandikiwa kadi Namirembe halikuwa jambo la ajabu.

Lazima kusisitiza mipaka ya hoja. Kadi haitaji Freretown. Uhusiano huo ni ufafanuzi unaokusanya dalili tano ambazo, kila moja peke yake, ingeweza kuelezwa vingine. Nyaraka za CMS zilizohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham na rejista za makanisa ya pwani ndizo hatua inayofuata, kwa kuwa sasa tuna majina matatu ya kuyatafuta, mahali ambapo awali hatukuwa na hata moja.

6.0 Kwa Nini Neno Lilifichwa

Hoja moja kuhusu umbo la kadi inaturudisha kwenye swali la aibu. Kadi haina bahasha. Karani wa posta Mombasa aliweza kuisoma, mgawaji barua Kampala aliweza kuisoma, na mmisionari aliyeipokea mezani kwake aliweza kuisoma. Mtumaji alijua hivyo, na bado aliandika *mjoli wetu* waziwazi, kati ya bei ya mchele na habari za mgonjwa wa macho. Aliyeandika namna hii hakuwa akificha kitu. Kwake neno hilo lilibeba mapenzi na kumbukumbu ya walioteseka pamoja. Aibu iliingia baadaye, na iliingizwa na waliorithi.

Tunaweza kuona sababu zake. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ya pwani wayathibitishe, na katika mazingira hayo ukoo ulikuwa mali. Utawala wa kikoloni uliwagawa watu kati ya "wenyeji" na "wasio wenyeji", na daraja hilo liligusa kodi na haki zao. Aliyeweza kudai asili ya Arabuni au ya ukoo wa kale wa mjini alikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Asiyeweza alikuwa na sababu ya kunyamaza. Katika ndoa, swali la "ni watu wa wapi hao?" liliendelea kuulizwa kwa muda mrefu baada ya sheria kufuta utumwa. Simulizi ya mfanyabiashara wa pembe za ndovu haikuwa uongo wa mtu mmoja mwovu. Ilikuwa ngao ya wazazi waliotaka mabinti zao waolewe bila maswali.

Bibi aliyenikataza kulitamka neno hilo aliitetea ngao hiyo kwa methali tunayoijua sote: mwacha asili ni mtumwa. Kwa maoni yake, kuitangaza kadi ni kuiacha asili ya Mombasa ambayo wazee waliichagua. Mjomba wa Kampala alitumia methali hiyo hiyo kwa hoja iliyopinduka: asili iliyoachwa ni ile ya watu watatu waliosalimiana katika kadi, na walioiacha ni sisi. Methali moja, pande mbili za familia moja. Mtafiti hana mamlaka ya kumshinda bibi kwa hoja ya kamusi. Tulichokubaliana ni kwamba kadi ijadiliwe hapa bila majina na bila picha yake kuchapishwa, na kwamba kila tawi litaamua lenyewe namna ya kuwaeleza watoto wake.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba kadi ya posta ni mkusanyo wa ushahidi wa ngazi mbalimbali. Mstari wa nyuma na stempu vinatupa kipindi. Anwani inatupa mazingira ya mpokeaji. Hati na lahaja vinatupa malezi ya mwandishi. Msamiati wa ujamaa unatupa mahusiano. Picha, inayovutia macho kwanza, ndiyo inayosema machache zaidi kuhusu waliotumiana kadi.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, maktaba na makumbusho ya kanda hii, zinapoorodhesha kadi za zamani, zinakili pande zote mbili na kurekodi maandishi ya Kiswahili neno kwa neno pamoja na tahajia yake, kwa sababu *mtele* na *habali* vikisahihishwa, ushahidi unapotea. Pili, wanaleksikografia warejee maneno ya mahusiano ya enzi ya utumwa, kama *mjoli*, na kuyapa historia ya matumizi badala ya fasili ya mstari mmoja. Tatu, watafiti wa historia za familia wakubaliane na wazee kuhusu majina kabla ya kuchapisha, si baada yake.

Kuhusu swali la ukoo, hitimisho langu ni kwamba kadi haijatuthibitishia babu wa damu zaidi ya yule tuliyemjua. Imetuthibitishia kwamba wapo watu wawili ambao babu yetu aliwahesabu kuwa wake: mmoja alimpa mwanawe jina lake, na mwingine jina lake tunaliita kila siku katika nyumba zetu. Desturi ya Kiswahili ya kurithisha majina ilimhifadhi mjoli huyo pale simulizi ilipomsahau. Wazao wake, ikiwa wapo, huenda nao wanabeba majina yetu bila kujua yametoka wapi. Na kuwatafuta hao ndiyo kazi iliyobaki.